Mabua ni ya nani?

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, kina mama, vijana, na nyie wafugaji ambao nimeambiwa wengine mmewaachia watoto ng'ombe huko mabondeni ili mje kusikiliza, asanteni sana. Mwenyekiti asante kwa nafasi. (Haya ndo niliyoongea kwenye mkutano wa kijiji huku kwetu Kongwa, watu wameniomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, na zile sehemu nilizokatisha kwa sababu jua lilishakuwa kali nimezimalizia humu.)

Naomba kijana mmoja aje hapa mbele anishikie hizi chupa. Ni chupa za maji za kawaida, nimezikata shingo, nimejaza maji, na juu nimeweka kipande cha wavu wa dirisha kimelegea kidogo kiingie kwenye maji. Sasa haya mabonge mawili ya udongo yote nimeyatoa kwangu, nimeyakausha kivulini. Hili la kushoto ni la shamba la juu, huko trekta inapita kila mwaka tangu mzee wangu akiwa hai. Hili la kulia ni la ile ekari ya chini kwenye mgunga, mwaka wa tano huu haijaguswa na jembe la sahani la trekta. Udongo ni ule ule mwekundu, mvua ni ile ile, kutoka shamba moja mpaka lingine ni hatua mia mbili tu. Nayatumbukiza yote kwa pamoja, nyie angalieni.

Mmeona? Hata dakika haijaisha la kushoto limeshaanza kumong'onyoka, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, chini pamejaa tope. La kulia linatoa mapovu madogo madogo, lakini limekaa. Tuliache hapo hapo.

Kinacholishika lile bonge ni mboji, na mizizi midogo, na nyuzi za kuvu ambazo kwa macho huwezi kuziona vizuri, hizo ndo zinatoa kitu kama gundi. Udongo ukiwa na hiyo gundi, tone la mvua likipiga hausambaratiki, maji yanapenya katikati yanashuka chini. Ukiwa hauna, mvua ya kwanza tu inausaga, lile vumbi laini linaziba vitundu vyote, juu panakuwa kama sakafu, na maji unayaona yanakimbilia korongoni yamebeba mbegu yako na samadi yako. Halafu wiki mbili baadae tunakaa tunasema mvua haikutosha. Huku kwetu tunapata kama milimita 500 mpaka 600 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili, siku chache tu na kwa kishindo. Ni kidogo kweli, sikatai. Lakini hicho kidogo chenyewe sehemu kubwa tunaiacha iende zake mto Kinyasungwe, haikai shambani.

Kilimo ninachotaka kukiongelea kina majina mengi, wengine wanasema kilimo hifadhi, wengine kilimo ikolojia, siku hizi nasikia kilimo rejeshi. Mimi nasema ni kurudisha uhai wa udongo, basi. Mambo yenyewe si mengi: udongo usiugeuze geuze bila sababu, usiuache uchi, changanya mazao na mikunde iwemo, rudisha miti, na mifugo iwe na nafasi yake humo shambani. Mengi bwana shamba ameshatufundisha hapa hapa chini ya huu mbuyu. Mimi nitakaa zaidi kwenye hilo la mwisho, la mifugo na mabua inayokula tukishavuna, kwa sababu kwa maoni yangu hapo ndo tumekwama, na tukiendelea kukwama hapo hayo mengine yote tutakuwa tunajichosha.

Lakini kwanza niwaambie mimi nimeingiaje. Kuna msimu mahindi ya shamba la juu yalinyauka wakati mvua ilikuwa imenyesha siku sita tu zilizopita. Nikashangaa. Nikachukua panga nikachimba pembeni ya shina moja, juu udongo laini kabisa, nikifika kama shubiri moja panga linagonga kama limegonga tofali. Nikalizungushia lile shina taratibu kwa mikono mpaka nikautoa mzizi mzima, nikakuta umeshuka moja kwa moja mpaka pale kwenye ugumu halafu umekata kona, umetambaa kwa ubavu kama unatafuta mlango. Nikachimba shina la pili, la tatu, hivo hivo. Chini ya lile tabaka udongo ulikuwa na unyevu jamani, niliushika kwa mkono ukashikana. Mahindi yanakufa kiu na maji yapo chini yake hatua ya kidole! Ile siku nilikaa pale shambani muda mrefu sana.

Lile tabaka tumelitengeneza sisi. Jembe la sahani linakata kimo kile kile kila mwaka, juu linapasua, chini linasugua na kukandamiza, na trekta yenyewe uzito wake, na sisi tunalima udongo ukiwa na maji maji kwa sababu foleni ya trekta imetufikia siku hiyo na huwezi kuiacha. Miaka ishirini ya hivo unapata zege.

Na sisi watu wa Kongwa tulitakiwa tujue mapema kuliko wengine. Wazee mnakumbuka habari za karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mpango mkubwa wa kulima karanga, wakaleta matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wakang'oa pori, wakakwangua ardhi. Udongo wetu ukikaa uchi juani unakuwa mgumu kiasi kwamba majembe yenyewe yalikuwa yanaharibika, karanga zenyewe kuzing'oa ilikuwa kazi, mvua nayo ikawa ya kubabaisha. Mwaka 1951 wakaachana nao, hasara kama pauni milioni 36 za enzi hizo, na sehemu ya ardhi ile ndo leo ranchi ya Kongwa, kwenye majani na ng'ombe. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanadhani tukipata trekta kubwa zaidi tatizo litaisha. Huku kwetu lilishajaribiwa, tena na watu wenye hela kuliko sisi wote tuliokaa hapa.

Basi nikaanza na ekari moja. Sikuwa na ujasiri wa kuanza na zaidi, na nadhani nilifanya vizuri. Nikakodi ng'ombe na jembe la kupasulia, ile ripa, unachana mstari tu pale utakapopanda, katikati hupagusi. Mahindi na mbaazi. Mbaazi mzizi wake unazama, unalitoboa lile zege taratibu kila mwaka, majani yake yanadondoka yanakuwa mbolea, na yenyewe inajitengenezea naitrojeni kutoka hewani kwa kutumia vijidudu vya kwenye mizizi. Jirani zangu wawili wao walichagua mashimo ya Chololo, mnayajua, yametoka kijiji cha Chololo hapa hapa mkoani Dodoma: shimo upana sentimita 22, kina 30, unaweka samadi, maji yanajikusanya mle. Na miti, sikupanda hata mmoja mwanzoni. Nilichagua visiki. Shamba zetu zimejaa visiki ambavyo kila mwaka tunavifyeka vikichipua, na mizizi yake iko hai chini. Unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unakata, unapogoa matawi ya chini, unafunga kitambaa watu wajue huyu ana mwenyewe. Inaitwa Kisiki Hai, shirika la LEAD Foundation wamelifundisha sana hili mkoa wetu huu. Na halijaanzia hapa, kule Niger miaka ya themanini Mwaustralia anaitwa Tony Rinaudo alikuwa anahangaika kupanda miche inakufa, siku moja mwaka 1983 akasimamisha gari apunguze upepo kwenye matairi avuke mchanga, akaangalia kile alichodhani ni kichaka, akakuta ni mti uliokatwa unachipua kutoka kwenye kisiki. Leo Niger inasemwa hekta karibu milioni 5 zimerudishiwa miti kwa njia hiyo, na waliofanya ni wakulima wenyewe na visu vyao.

Faida sasa. Nitasema zile nilizoziona kwa macho yangu. Ya kwanza ni kupanda mapema, maana sisubiri foleni ya trekta, mistari yangu naichana kiangazi, mvua ya kwanza ya maana ikidondoka mi napanda kesho yake, na nyie mnajua huku kwetu ukichelewa wiki mbili umeshapoteza nusu ya matumaini. Ya pili ni jua la mwezi wa pili. Msimu uliopita lilipiga karibu wiki tatu, nilikuwa naenda jioni kuangalia mashamba yote mawili, kule juu majani yamejikunja asubuhi mpaka usiku, mbelewele zimekauka kabla ya kufunga. Huku chini mchana yanajikunja, jioni yanafunguka. Ukifunua mabua yaliyolala katikati ya mistari unakuta chini yake kuna ubaridi na minyoo, minyoo jamani, Kongwa, mwezi wa pili! Ya tatu ni kuni. Vijiti vya mbaazi na matawi ya kupogoa visiki vimempunguzia mke wangu safari za mlimani. Na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kimepungua kwenye ile ekari, maana kiduha kinapenda udongo uliochoka, hakijaisha lakini kimepungua.

Mbolea ya dukani siipingi, msinielewe vibaya. Tangu ruzuku ianze msimu wa 2022/23 mi mwenyewe nimechukua. Mikunde inaleta naitrojeni, lakini fosforasi haitoki hewani, kama udongo wako hauna fosforasi hata upande mbaazi mpaka uzeeke haitakuja. Ninachosema ni kwamba ile mbolea uliyonunua ukiimwaga kwenye udongo wa chupa ya kushoto inaondoka na maji, ukiiweka kwenye udongo wa chupa ya kulia inakaa. Hela ni yako.

Sasa tuongee magumu, na hapa naomba tusidanganyane, kwa sababu nimehudhuria semina nyingi ambazo mtu anakuja anasema faida tu, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani, msimu wa kwanza unatupiga, tunaacha, halafu yule mtu anaandika kwamba wakulima ni wagumu kubadilika. Wakulima sio wagumu kubadilika. Mahindi yenyewe siyo ya babu zetu, babu zetu walikula mtama na uwele, tulibadilika wenyewe tulipoona kuna sababu.

Msimu wangu wa kwanza nilipata gunia tatu kwenye ile ekari. Jirani aliyelima na trekta alipata tano. Wa pili tukalingana. Wa tatu ndo nikampita, na ulikuwa mwaka mbaya wa mvua. Sasa jiulize, mwenye ekari mbili na watoto watano, ile gunia mbili ya mwaka wa kwanza anaitoa wapi? Udongo uliochukua miaka ishirini kuchoka haurudi kwa msimu mmoja, na watoto hawawezi kusubiri miaka mitatu ndo wale. Ndo maana namwambia kila mtu anza na kipande, robo ekari, nusu ekari, kile ambacho hata kikikataa chakula nyumbani kipo.

Magugu je? Ukiacha kugeuza udongo, mwaka wa kwanza na wa pili magugu yanakuja kwa hasira. Jembe la sahani lilikuwa linayafukia. Na palizi huku kwetu ni nani anafanya? Ni kina mama. Kwa hiyo baba anasifiwa kwenye mkutano kwamba ni mkulima wa mfano, hakukodi trekta, ameokoa hela, na mama ameongezewa palizi mbili na hiyo hela iliyookolewa hajaiona. Mi hilo liliingia nyumbani kwangu, mke wangu aliniambia waziwazi, na alikuwa na haki. Tulichofanya ile hela ya trekta tukaiweka kulipia vibarua wa palizi ya kwanza, na tukapanda kunde kufunika nafasi katikati, zikasaidia sana, na mboga ikapatikana. Wengine wanakimbilia dawa ya kuua magugu. Siwakatazi, ila vaeni buti na mtu asipulize upepo ukiwa unaelekea kwake, na yale makopo yasirudi nyumbani kuchotea maji.

Mashimo ya Chololo nayo, tupige hesabu. Mstari hadi mstari sentimita 90, shimo hadi shimo 60, ekari moja inakula mashimo kama 7,500. Elfu saba na mia tano, kwa jembe la mkono, kiangazi, kwenye zege. Mtu akikuambia ni rahisi muulize yeye alichimba mangapi. Ukishayachimba yanatumika misimu kadhaa, hiyo kweli, lakini ule mwaka wa kwanza unahitaji mikono, na bibi anayeishi na wajukuu hana hiyo mikono. Hapa kikundi ndo kinaokoa, leo kwangu kesho kwako, na jirani zangu bila kikundi chao wangeishia mashimo mia tatu.

Na kuna watu wamenifuata wakasema, mbona hiki ni kile kilimo cha sesa tulichokatazwa? Miaka nenda rudi mabwana shamba walituambia kupanda bila kulima ni uvivu, tulime tugeuze udongo, leo wanakuja kutuambia tusigeuze. Nawaelewa kabisa, inachanganya. Tofauti ni moja, sesa tulikuwa tunafyeka tunachoma moto, udongo unabaki uchi na mgumu, mbegu inatupwa juu. Huku moto haupo, kifuniko kipo, na mstari unachanwa. Lakini naomba na wataalamu nao wakiri kwamba wametugeuza kichwa, wakikiri itakuwa rahisi kuaminiana.

Vijana mnaokodi mashamba, hili ni lenu. Umekodi ekari kwa msimu mmoja, mwakani mwenye shamba akiona imependeza anaichukua au anapandisha bei, kwa nini uhangaike na visiki na mbaazi? Jibu zuri sina, zaidi ya kusema tuzoee kuandikishana miaka minne mitano mbele ya ofisi ya kijiji, na mwenye shamba ajue kwamba anarudishiwa ardhi nzuri kuliko aliyoitoa. Soko nalo. Mwaka 2017 India, ambao ndo wanunuzi wetu wakubwa wa mbaazi, waliweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini kwao, bei huku ikaporomoka mpaka kuna watu waliziacha shambani. Waliong'oa mbaazi mwaka ule na kuapa hawarudii siwalaumu. Mi nasema lima mbaazi ambayo hata isiponunuliwa unaweza kuila na ugali, na nyingine ni faida ya udongo, usiikopee hela. Na hawa wanaopita siku hizi na habari za hewa ya kaboni, kwamba utalipwa kwa miti na udongo kuitunza hiyo hewa, mkataba usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa Kiswahili, wote tukisikia, ndo mtu asaini.

Haya, nimefika kwenye mabua.

Yote niliyosema, magugu, mashimo, gunia mbili, mtu mmoja na familia yake akijikaza anaweza kuyavuka. Mabua huwezi kuyavuka peke yako. Mwaka wa pili nilivuna mahindi mwezi wa sita, nikalaza mabua yote vizuri katikati ya mistari, mbaazi zimesimama zinatoa maua, nikasimama pale jioni nikasema sasa naona. Baada ya siku nne naamka asubuhi napita shambani, kwato kila mahali, mabua hakuna hata moja, mbaazi zimeliwa mpaka kwenye kijiti, na udongo ule niliokuwa naulaza umekanyagwa umekuwa njia. Ng'ombe arobaini usiku mmoja. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, nikachukua fimbo, nikafuata nyayo mpaka kwenye boma.

Mwenye boma ni mzee ninayemheshimu, ni rafiki wa baba yangu, hayupo hapa leo anaumwa. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, mwanangu, umevuna? Nikasema nimevuna. Akasema, tangu enzi za babu yako shamba likishavunwa mabua ni ya ng'ombe. Mimi sijaiba. Na babu yako mabua yake aliwapa ng'ombe wa babu yangu, na samadi ya babu yangu ndo ilikuwa inarutubisha shamba la babu yako. Wewe samadi umekuja kuchukua lini? Nikakaa kimya. Akaninyooshea mkono nyuma ya boma, kuna kilima cha samadi cha miaka, kimeota majani, mtu hajawahi kukigusa. Akaendelea, na ile njia ya ng'ombe ya kwenda lambo nani ameilima? Kwenye ile njia na mimi nina mistari mitatu ya mahindi, ndugu zangu. Fimbo niliiegesha ukutani sikuikumbuka mpaka nafika nyumbani.

Kwa hiyo nikisimama hapa nikasema wafugaji wanaharibu kilimo nitakuwa mwongo. Kulikuwa na makubaliano ya zamani, mabua kwa samadi, na sisi wakulima tuliyavunja nusu yetu, tukaenda kwenye trekta na mbolea ya dukani, tukalima mapito, halafu leo tunataka na ile nusu nyingine ivunjwe kwa sheria.

Na sheria ya namna hiyo tumeshaiona mkoa huu huu. Kondoa ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo mpaka ukaanzishwa mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa itoke kwenye eneo lililoharibika. Majani yalirudi, miti ilirudi, huo ni ukweli. Lakini kuna familia zilisambaratika na ng'ombe wao, maziwa hakuna, samadi hakuna, mkopo wa ng'ombe wa kulimia hakuna. Shinyanga walienda njia nyingine. Pale palishafyekwa sana tangu enzi za mkoloni kwa ajili ya kuua mbung'o, pakawa pakame kweli kweli. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulivyoanza mwaka 1986 badala ya kuleta amri mpya waliangalia Wasukuma wenyewe wana nini, wakakuta ngitili, lile eneo la malisho linalofungwa masika likafunguliwa kiangazi. Mikutano ya jadi na sungusungu ndo walikuwa wanalinda, anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anatozwa na wenzake. Mpaka mradi unaisha mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Na wale ni wafugaji, tena wenye ng'ombe wengi kuliko sisi.

Kingine ambacho sikukijua mpaka juzi juzi, na nadhani kitatusaidia leo. Wataalamu wanasema udongo unatakiwa kufunikwa angalau asilimia 30. Thelathini, siyo mia. Mi nilikuwa nagombana na mzee yule kwa ajili ya mabua yote, kumbe nahitaji kidogo kuliko yeye! Na mchwa nao wana fungu lao, huku kwetu mchwa akiyaona mabua hayamalizi mwezi wa kumi, ingawa zile njia zake anazochimba zinaingiza maji, kwa hiyo simhesabii kama hasara yote.

Baada ya mazungumzo yale mimi na yule mzee tulikubaliana hivi, na tumeenda nayo misimu mitatu. Ng'ombe hawaingii mpaka mbaazi zitoke. Zikitoka namkatia mabua ya juu, laini, na maganda ya mbaazi, anakuja na mkokoteni anachukua analishia bomani. Ya chini yanabaki yamelala. Ule mkokoteni hauji mtupu, unakuja na samadi. Na mistari yangu mitatu nimeitoa kwenye njia ya lambo. Hakuna karatasi, ni maneno yetu mawili tu. Lakini ni sisi wawili, na ng'ombe wa watu wengine hawajui maneno yetu, mwaka jana waliingia mara mbili, nikawatoa, wakarudi.

Ndo maana nimeomba ajenda hii. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu huu unajadili, halafu inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kwa hiyo uwezo upo mikononi mwetu. Ombi langu tusianze na kijiji kizima, tuanze na kitongoji kimoja, chetu au chochote kitakachojitolea. Kwanza mapito yote yapimwe na waliolima humo watoke, na mi nimeshatoka. Hilo litangulie, wafugaji waone sisi ndo tumeanza kutoa. Kisha tupange tarehe moja ya kufungua mashamba, baada ya mbaazi. Kisha tutenge eneo la akiba la malisho la hiyo miezi miwili ya kusubiri, maana ukimwambia mfugaji asubiri bila kumwonesha pa kwenda umemwambia nini? Faini tuzungumze mwishoni, na iwe ndogo inayolipika.

Sitaki tupige kura leo. Kule Burkina Faso alikuwepo mzee Yacouba Sawadogo, alirudisha ardhi iliyokufa kwa mashimo ya zai, ndugu wa haya ya Chololo, na miti juu yake, mpaka mwaka 2018 yeye na yule Rinaudo wa Niger wakapewa tuzo ya Right Livelihood. Lakini miaka ya mwanzo majirani walimwona amerukwa na akili na msitu wake ukachomwa moto. Mi sitaki kijiji hiki kifike hapo, mtu mmoja na shamba lake zuri na majirani wenye viberiti.

Naona lile bonge la kulia bado limekaa, na kuna mzee amekuja kulibonyeza kwa kidole, asante mzee, bonyeza tu. Mwenyekiti mi nimemaliza. Naomba kabla ya mkulima yeyote kunyoosha mkono, wafugaji waongee kwanza, wote wanaotaka, hata ikifika jioni.